Beryl Ormerod: Miaka Arobaini na Mmoja na Maswali Tisa

Jumamosi hii, tarehe 29 Machi 2025, Beryl Ormerod anastaafu kutoka Redio ya Hospitali ya Hollin Bank baada ya kujitolea kwa miaka arobaini na mmoja. Alianza mwaka 1984, akiwa mpishi wa shule, na kwa muda wote huo hajalipwa hata nauli.

Anayeandika ni Keith Holroyd, fundi wa mashine za kufulia, mwenyekiti wa redio hii tangu 2006. Kamati imenipa ukurasa huu niandike mazuri ya Beryl. Nitayaandika, na baya moja, ambalo si lake.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka wodini. Saa kumi jioni anapita kitanda kwa kitanda na kalamu, anauliza mgonjwa anataka wimbo gani, na saa kumi na mbili nyimbo zinapigwa na wagonjwa wanasikiliza kwa hedifoni. Sharti lake lilikuwa moja: kama wimbo hatuna, mwambie mgonjwa hatuna. Usimwambie kesho. Mgonjwa, alikuwa anasema, anadanganywa vya kutosha na watu wanaokuja kumwona na zabibu mkononi.

Mwaka 1991 mzee mmoja aliomba wimbo ambao kwetu haukuwepo. Beryl akapanda basi mpaka sokoni, akainunua santuri kwa hela yake, akarudi, akakuta mzee karuhusiwa kwenda nyumbani. Redio yetu haisikiki nje ya kuta za hospitali. Akatafuta namba, akampigia, akaweka mkono wa simu kwenye spika mpaka wimbo ukaisha. Mzee akamwambia sasa chai yake imepoa.

Vitanda alivyovipita hakuna aliyehesabu. Mtangazaji hakuwahi kuwa. Wenzake studioni, mimi wa kwanza, tulimwona kama mtu wa kutuletea karatasi.

Sasa lile baya.

Mwaka 2009 Beryl alichukua kinasa sauti akakaa Wodi ya Sita na Bwana Wilfred Catlow, miaka themanini na nne, kavunjika nyonga. Alikuwa mpiga kornet, ile tarumbeta ndogo, wa bendi ya kiwanda. Mkewe alifanywa kiziwi na kelele za mitambo ya kufuma wakiwa bado wachumba, lakini kwa miaka arobaini alikaa mstari wa mbele kila bendi ilipopiga. Beryl akamuuliza, "Kama alikuwa hasikii, Wilf, alikuja kufanya nini?" Kanda inakwenda kimya sekunde kumi na moja. Halafu mzee anasema, "Kunitazama mashavu."

Dakika ishirini na sita. Nilipoisikia nilijua ni ya kupeleka kwenye tuzo za redio za hospitali. Nilijua pia majaji ni watu wa mjini, na Beryl anaongea kama sisi sote tunavyoongea hapa Lancashire, lafudhi ambayo huko mjini huchekwa. Basi nilijifungia studioni, nikatoa nakala ya kanda, nikafuta maswali yake tisa, nikayauliza mimi kwa sauti yangu ya kutangazia. Nikarusha hewani Jumapili, maana sharti la tuzo ni kazi iwe imesharushwa. Kwenye fomu nikaandika: mhoji, Keith Holroyd.

Tukashika nafasi ya pili nchi nzima. Majaji waliandika kwamba mhoji huyu anajua kunyamaza. Ule unyamavu ulikuwa wa Beryl, mimi sikuweza kuufuta. Nilipanda jukwaani Blackpool nikapokea, na yeye alikuwa meza yetu, akapiga makofi; nikajipa moyo kwamba ya Jumapili hakuisikia. Mwaka ule hospitali ilikuwa inataka chumba chetu kiwe stoo ya viti vya magurudumu. Baada ya tuzo wakatuacha.

Nilimweleza wiki tatu zilizopita, miaka kumi na sita imepita, akiwa anaosha vikombe.

"Beryl, kuna jambo la mwaka 2009."

"La Wilf Catlow," akasema, hata hakugeuka.

"Ulijua?"

"Mwanangu, sauti yangu naijua. Na wewe siku hizo hukujua hata Wodi ya Sita iko ghorofa ya ngapi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umependeza na ile tai." Akafuta mikono. "Tuzo sikuililia, Keith. Lakini Wilf alisikiliza Jumapili ile kitandani. Kesho yake ananishika mkono, ananiambia, 'Beryl, yule bwana aliyekuwa ananihoji ni nani? Mimi nakukumbuka wewe tu. Akili inaniruka?'"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Ningesema kweli, wewe unavuliwa tuzo ukiwa hujaipata bado, na chumba kinakwenda. Nikamwambia Keith alikuwepo, Wilf, umesahau tu. Akasema, 'Haya.' Tangu siku hiyo kila neno anaandika kwenye karatasi asije akasahau tena. Akafa mwaka uliofuata anaamini kichwa chake kimeharibika, na kilikuwa kizima kuliko chako."

Nilimwambia nitarudisha tuzo na jina lake litasomwa.

"Rudisha, usirudishe, mimi sina rafu ya kuiweka," akasema. "Wilf ana binti. Mwambie yeye."

Tuzo nimeirudisha na barua. Waandaaji wamejibu kwamba watalijadili. Uenyekiti nimeuachia kamati waamue. Ukutani ilipotundikwa imebaki misumari miwili.

Binti, Avril Catlow, nilimwandikia kurasa tatu. Alijibu kwa mistari miwili. Alisema kwa miaka yote hii amekuwa akiwaambia wanawe kwamba babu alianza kupoteza kumbukumbu, na sasa atawaambia vingine. Alisema atakuja Jumamosi kusikiliza, na kwamba na mimi hana la kuzungumza.

Kanda ya mwanzo sikuitupa. Jumamosi saa nane mchana itarushwa yote, dakika ishirini na sita, bila kukatwa, na maswali yote tisa ni ya Beryl. Wafanyakazi ambao hawapo zamu wanakaribishwa studioni. Keki itakuwepo. Beryl amekataa hotuba. Badala yake ameniachia kalamu na orodha ya wodi, na maelekezo: nisikae pembeni ya kitanda cha mgonjwa bila kuomba ruhusa, na akinyamaza, ninyamaze.

Beryl, kwa niaba ya Hollin Bank, wagonjwa waliopona na wasiopona, ahsante. Kaa nyumbani kwako, kunywa chai yako ikiwa moto, na miaka ikuendee polepole. Jumatatu saa kumi nitakuwa Wodi ya Sita. Wakiniuliza yule mama yuko wapi, nitawaambia kastaafu, na mimi ndiyo kwanza najifunza.