Maneno Thelathini na Moja ya Mzee Stanislaus

Baada ya miaka thelathini na miezi tisa ya kuwapandishia watu maji bila hata mmoja wao kuuliza yanapandaje, Mzee Stanislaus Niyibizi, mwendesha mtambo wetu wa Makere, anastaafu leo, Jumanne, tarehe 30 Juni 2015. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Safina Haidari, Afisa Utumishi wa Mradi wa Maji Nyakirenzi, heshima ya kuandika wasifu wake. Masharti yalikuwa mawili: nisizidi kurasa mbili, na nisitaje habari za kuimba. Kuhusu kurasa nitajitahidi.

Mzee Stanislaus alizaliwa Munanila mwaka 1955. Aliajiriwa tarehe 1 Oktoba 1984 kuchimba mitaro ya mabomba kule Kitahana, Kibondo. Baada ya miaka miwili fundi mmoja akagundua kwamba katika genge zima ni yeye peke yake aliyekuwa akisoma maandishi yaliyobandikwa kwenye mashine kabla ya kuigusa. Akapelekwa kwenye mitambo. Mwaka 1996 alihamishiwa Makere na kukabidhiwa mtambo wa dizeli ambao, kwa maneno ya wataalamu walioufunga, ungedumu miaka mitano. Wataalamu hao walishastaafu wote. Mtambo bado unapiga kazi.

Ofisi haikuwa na uchoyo wa shukrani. Paa la nyumba yake liliahidiwa kubadilishwa mwaka 2003, na ahadi hiyo imetunzwa vizuri sana kwenye jalada, haijaguswa. Barua yake ya pongezi ya mwaka 2009 ilimfikia 2011, ikiwa na jina la mtu mwingine. Aliibandika ukutani hivyo hivyo, akasema huenda na yule mwingine aliletewa ya kwake.

Jambo moja lazima mlijue, maana ndilo lililozaa mengine yote. Mzee Stanislaus ni mtu wa kuandika. Kila saa, kwa miaka yote hiyo, ameandika kwenye daftari la mtambo: presha, joto, mafuta, maji. Ukimwambia fanya kitu, atakifanya, atakipima na atakiandika. Watu wa namna hiyo ni hatari sana katika ofisi kama yetu.

Mwezi Novemba 2012 alikwenda kwenye kwaya ya parokia yao kuomba kujiunga. Mkewe, Bi Esteri, ameimba pale miaka ishirini na saba. Kwa miaka yote hiyo mumewe alikuwa mtu wa kumbebea sare iliyopigwa pasi, kisha kwenda kukaa mwisho wa benchi lililo karibu na wanakwaya. Alikuwa amebakiza miaka miwili na kitu kustaafu, na alitaka kabla ya siku hiyo awe amesimama mstari mmoja na mkewe. Alisema waziwazi kwamba baada ya kazi hana mpango mwingine. Mwalimu wa kwaya akamsikiliza ubeti mmoja, akashusha pumzi, akampa jibu la adabu: aende akafanye mazoezi, awaimbie watu, wamwambie anaendeleaje, halafu arudi.

Kila mmoja wetu angeelewa kwamba jibu hilo maana yake ni hapana. Mzee Stanislaus alielewa kwamba ni maelekezo ya kazi. Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu akiomba fomu za upimaji wa utendaji, zile zile tunazojaza watumishi wote. Alikuwa amekwisha kuandika lengo lake kwenye karatasi: kuimba ubeti mmoja wenye maneno thelathini na moja, peke yake, bila kutoka kwenye sauti. Nikampa bunda zima ili niendelee na kazi. Kwenye daftari la mtambo akachora safu mpya, akaiandika S juu yake, yaani sauti, na kila alipofanya mazoezi pale mtamboni akaijaza pamoja na presha na mafuta.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumatatu alipoleta taarifa zake hapa ofisini Kasulu, tuliimbiwa kwenye korido saa nne kamili, chai ikiwa mezani. Akimaliza anatoa fomu, waliosikiliza wanajaza maoni, mimi nasaini kama msimamizi na kugonga mhuri. Nikiri kwamba sikuwahi kusikia ubeti ule ukiimbwa vile vile mara mbili. Ulianza kama wimbo, katikati ukawa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na mwisho ulikuwa popote ulipomkuta.

Sasa, jinsi tunavyojaza fomu zile hapa ofisini mnaijua. Hakuna aliyewahi kupata chini ya "vizuri sana." Kuna mwenzetu aliyehamia Kibondo, na miezi minane baadaye tukampa "bora sana" kwenye mahudhurio. Basi na Mzee tukamfanyia hivyo hivyo, kwa sababu ni mtu mzima, ni mtu mwema, na chai ilikuwa inapoa. Shadia, katibu muhtasari wetu, aliandika kwamba sauti inapanda wiki hadi wiki. Tamimu, fundi bomba, aliandika "safi kabisa" kabla wimbo haujaanza. Mimi, ambaye kwaya siijui na kanisani sijawahi kuingia, niliandika kwa mwandiko mzuri: "Kiwango cha juu, inafaa kuigwa na watumishi wengine." Niliipenda sentensi hiyo. Niliitumia wiki hamsini na mbili.

Mwezi Desemba 2013 Mzee Stanislaus alirudi kwaya na jalada. Tunajua yaliyotokea kwa sababu Venanti, dereva wetu, anaimba besi kwenye kwaya hiyo hiyo. Mzee alimkabidhi mwalimu fomu zote hamsini na mbili, zimepangwa kwa tarehe, zina mihuri. Kisha akaimba. Hakufika neno la kumi. Alipopotea aliongeza nguvu, nguvu ikampotosha zaidi, na waimbaji wote wa sauti ya kwanza wakaanza kucheka. Hapo mwalimu akafungua jalada na kuwasomea maoni ya Afisa Utumishi. Venanti anasema kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Bi Esteri hakucheka. Mzee alisubiri wamalize, akaomba jalada lake, akalifuta vumbi kwa mkono, akaondoka akiwa ameliweka kwapani.

Jumatatu iliyofuata alileta taarifa, akasalimia kila mtu, akapanda gari kurudi Makere. Hakuimba. Tulikunywa chai ya moto, na haikuwa tamu. Januari nilipokea nakala ya daftari la mtambo kama kawaida: presha sawa, joto sawa, mafuta sawa, na safu ya S tupu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Februari tupu. Machi tupu. Nimewahi kupokea barua za matusi katika kazi hii, lakini hakuna karatasi iliyonitia aibu kama zile. Hakuniandikia hata neno moja la lawama. Aliacha tu kujaza, na mimi ndiye niliyejaza mengi mno.

Aliyetuokoa hakuwa mtumishi wetu. Sophie ni mama wa Kikongo anayeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako anafundisha kwaya na anafanya kazi na shirika linaloshughulikia maji ya kambini. Kila Alhamisi huja Makere kwa kibali kuchukua maji ya kupima. Alhamisi moja ya Aprili 2014 alimkuta Mzee anapangusa mtambo huku anaimba, kwa mazoea tu, bila kujua kwamba anaimba. Venanti alikuwepo, amepeleka dizeli. Anaapa kwamba ubeti ule ulitoka mzima, maneno thelathini na moja, umenyooka kama bomba jipya. Alidhani ni redio. Kisha Mzee akazima mtambo ili abadilishe chujio, akaendelea kuimba, na hapo hapo akapotea.

Sophie akamwomba auwashe tena. Akaimba sawa. Auzime. Akapotea. Mara tatu. Kumbe kwa mwaka mzima Mzee alikuwa akifanya mazoezi kando ya mtambo unaovuma sauti moja nzito, haipandi wala haishuki, na sikio lake lilikuwa limeegemea pale. Safu ya S haikuwa na uongo hata siku moja. Alichoandika mtamboni kilikuwa kweli mtamboni. Uongo ulikuwa wa korido.

Mzee, kwa tabia yake, akatoa fomu. Sophie alikataa kuweka alama. Aliandika sentensi chache ambazo sasa nimezibandika juu ya meza yangu: "Papa, sauti iko. Ni moteur ndiyo inakushika mkono. Siku itazima, utatembea weye peke yako. Tuanze leo."

Wakaanza. Njia yao ilikuwa hii: mtambo unavuma, Mzee anaanza ubeti, Tamimu, aliyekuja na gari la dizeli, anauzima katikati, na wanahesabu maneno ambayo Mzee ameyafikisha salama. Mradi ukapata taarifa kutoka Makere kwamba mtambo unazimwa kila Alhamisi saa tano kwa dakika kumi kwa ajili ya "ukaguzi." Nilisaini. Baada ya kusaini yote yale, hilo lilikuwa la kweli kuliko mengi. Safu ya S ikaanza kujaa tena: maneno matatu, maneno matatu, maneno matano, maneno manne. Kufikia Krismasi, maneno kumi na manne.

Jumatatu za korido nazo zikarudi, safari hii kwa sharti lake: asiyeandika kweli asiguse fomu. Tulipata taabu sana, hatukuwa tumezoea. Shadia aliandika: "Ulipofika katikati nilitamani kutoka nje." Mzee alimshukuru, na wiki iliyofuata akamletea mkungu wa ndizi. Mimi niliandika "hafifu" kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu. Aliisoma, akatabasamu, akaniambia kwamba sasa anajua pa kukaza. Wakuu wa idara mlioko hapa, mnaweza kujaribu.

Bi Esteri peke yake alikuwa hajawahi kujaza. Kila alipopelekewa fomu alijibu kwamba yeye ameolewa na mtu huyu, hakuajiriwa kumpima. Wiki mbili zilizopita alikwenda mtamboni mwenyewe bila kuitwa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaamuru mtambo uzimwe kabla ya neno la kwanza. Mzee alifika neno la ishirini na mbili, mstari wa nne, akateleza. Bi Esteri akachukua kalamu ya Tamimu, akaandika: "Mstari wa nne ameuachia. Yaliyotangulia sawa. Aje." Nimeona fomu hiyo. Neno la mwisho amelipigia mstari.

Lakini anayeruhusu si Bi Esteri, ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu amekubali kumsikiliza mara ya mwisho hapa ukumbini leo, mbele yetu, na kutoa jibu hapa hapa. Ndiyo maana wanakwaya mnawaona wameketi kulia. Mtambo uko Makere. Kasulu hakuna kitu cha kumshika mkono. Maneno ishirini na mawili anayo, tisa bado. Sophie hatakuwepo: tangu mwezi wa tano wageni kutoka Burundi wanaingia Nyarugusu kwa maelfu, maji hayatoshi, na kibali chake cha kutoka kimezuiwa. Amemtumia Venanti ujumbe: "Mwambie papa, akipotea asikimbie. Asimame, asikilize."

Asikilize nini? Hapo ndipo tunapoingia sisi. Kwa wiki tatu watumishi wa mradi huu, ambao hawajawahi kufika kikao chochote kwa wakati, wamekuwa wakifika saa moja na nusu asubuhi kwenye korido ile ile kujifunza kuvuma kwa midomo iliyofungwa sauti moja, ile ya mtambo wa Makere. Venanti ndiye anayetushikisha sauti. Mimi na Tamimu tumefunga Ramadhani, koo zimekauka, lakini tutavuma. Nanyi wageni tunawaomba mwige aliye karibu nanyi. Msianze mapema. Mwacheni atembee kadiri anavyoweza. Akiteleza, Venanti atanyanyua kofia, nasi tutaanza, taratibu. Akifika neno la thelathini na moja bila sisi, mezeni sauti zenu na mfurahi. Nakala ya Mzee Stanislaus imechapwa bila aya hii, nami nikisoma kwa sauti nitairuka. Shadia ameikagua mara mbili.

Kwa niaba ya menejimenti na watumishi wote, asante kwa maji, Mzee wetu. Asante kwa miaka thelathini na miezi tisa ya kuandika kilichopo badala ya kinachopendeza. Mimi nilikupa alama za uongo mara hamsini na mbili, kwa kalamu ya ofisi na mhuri juu yake, ukaenda nazo kwa watu wakakucheka. Nisamehe. Fomu ya mwisho ninayo mkononi sasa hivi, na sijaandika kitu. Tunakuombea afya, siku nyingi na mkeo, na kuanzia Jumapili hii usirudi tena kwenye lile benchi.

Simama, Mzee. Tunakusikiliza.