Mama Nyuzi: Misimu Minne ya Baridi Nyumbani

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyuzi, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1954, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa baba fundi bomba na mama dobi. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya babu. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alipiga miayo tu. Tumecheka sana na habari hiyo miaka yote, ingawa leo, tukifikiria maisha aliyoyaishi, tunaona huenda alijua kazi iliyokuwa mbele yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa, isipokuwa kwa kisa kimoja. Akiwa darasa la nne aliona uzi umening'inia kwenye mkono wa sweta la mwalimu wake wa kike, akauvuta. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari, hakuhisi kitu. Alipogutuka, mkono wa sweta umefumuka hadi kwenye kiwiko.

"Nani kavuta?"

"Mimi, mwalimu. Nilitaka kuona unaishia wapi."

Mwalimu hakumchapa. Alimletea sindano mbili na kumwambia aurudishe mkono ule kama ulivyokuwa. Ilimchukua wiki tatu, akibaki darasani kila jioni na mwalimu wake pembeni. Mwaka 1970 alijiunga na mafunzo ya ufumaji, na mwaka 1972 akaajiriwa katika kiwanda cha masweta, akisimamia mashine namba tisa.

Ni kiwandani hapo alipokutana na mume wake, mpiga chapa aliyekuwa akileta lebo za masweta. Siku ya kwanza marehemu alimwambia lebo zimepinda. Kijana akazichukua, akazipiga upya, akazirudisha. Baada ya hapo alirudi mara tatu kuuliza kama zimekaa sawa, wakati hakuna aliyelalamika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu: binti mwaka 1977, binti mwaka 1980, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1983.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1986. Marehemu aliondoka na mashine moja kuukuu, akapanga chumba chenye mlango wa bati karibu na stendi, akaanza kufuma masweta ya wanafunzi. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano. Anayefuma masweta hana baridi ya kwake. Hewa ikianza kupoa mwezi wa tano, watu wanafunga madirisha na kukaa na watoto wao, yeye ndipo anapofungua duka mapema na kulifunga mwisho. Nyumbani tulikula na baba. Baba ndiye aliyetusuka nywele, tukaenda shule na vichwa kama shamba lililolimwa na mtu aliyelewa.

Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandikwa kwamba marehemu alifanya kazi yake kwa furaha siku zote. Baba, ambaye bado husahihisha kila karatasi inayopita mbele yake, aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. "Futa," alisema. "Mama yenu alikuwa anachoka. Andikeni alichoka." Basi tumeandika.

Mwezi wa saba mwaka 1989 kitinda mimba, akiwa na miaka sita, alikohoa siku tatu. Kila asubuhi mama alimgusa paji la uso na kusema, "Kesho nitakaa naye." Shule tatu zilikuwa zinamsubiri. Siku ya nne baba alimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali, ilikuwa nimonia. Mama alifika kutoka dukani na vipande vya uzi wa kijani kwenye nywele. Mtoto alifumbua macho, akamuuliza, "Leo umefunga?"

"Leo nimefunga."

Alikaa naye wodini siku tisa. Siku ya kumi mtoto aliruhusiwa, na mama akarudi kwenye mashine, kwa sababu shule zilikuwa hazijaacha kusubiri. Hakulizungumzia jambo hilo kwa miaka mingi, nasi hatukumuuliza.

Asubuhi ya tarehe 24 Mei 2021 kulipambazuka na ukungu. Marehemu aliamka, akavaa, akanywa chai, kisha akakaa kwenye kochi.

"Mama, huendi?" aliuliza binti yake wa kwanza.

"Baridi imefika. Nakaa."

Tulidhani anatania. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amempa fundi wa duka la jirani mashine na wateja wake wote. Mwanzoni kukaa kulimshinda. Aliinuka kila baada ya dakika tano kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjika. Lakini alijifunza. Kila Jumamosi saa kumi walikuja shoga zake wawili, muuguzi mstaafu na muuza mitumba, mlango ukafungwa, birika likawekwa jikoni, wakacheza karata. Marehemu alikuwa mwizi wa karata, tena mwizi asiye na aibu. Shoga zake walimkamata kila mara, na kila mara alishangaa karata ile imefikaje kwenye kiti chake. Wajukuu walijazana kwenye mkeka. Baba alisoma gazeti kwa sauti, akikosoa alama za mkato zilizowekwa vibaya. Marehemu akisinzia, sisi tulipunguza sauti, naye akaamka papo hapo: "Mbona mmenyamaza? Mimi nalala vizuri mkipiga kelele."

Alipata misimu minne ya namna hiyo. Katika msimu wa tatu, mwezi wa saba mwaka 2023, alikuwa akichambua maharage na kitinda mimba, ambaye sasa ni mwashi mwenye watoto wawili. Bila kuinua macho akasema, "Siku ile nilichelewa."

"Siku ipi?"

"Ya hospitali."

Mwanawe alichambua kidogo, kisha akasema, "Mimi nakumbuka ulikuja, mama. Mengine siyakumbuki." Marehemu aliitikia kwa kichwa. Waliyamaliza maharage.

Septemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni moyo, umechoka na kutanuka. Alilazwa mara tatu. Binti yake wa kwanza, anayesoma maneno haya, alimuuguza miezi minane, na kama sauti yake inakwama mtamwia radhi; ni uchovu kuliko kilio. Kuna siku alimkemea mama yake kwa kuinuka peke yake: "Mama, kaa basi. Nimechoka." Marehemu hakukasirika. "Na mimi nimechoka, mwanangu. Njoo tuchoke pamoja." Wakakaa kwenye kochi hadi chai ikapoa.

Alhamisi tarehe 29 Mei 2025, wiki ambayo hewa ilibadilika, aliomba dirisha la chumbani lifungwe. Muuguzi mstaafu alikuwa amemshika mkono, baba yuko kitini, watoto wote watatu wamefika. Marehemu aliuliza, "Nani kabaki nje?"

"Hakuna, mama. Wote tumo."

Alifariki saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, wadogo wawili wa kike, na shoga zake wa Jumamosi, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu. Baba hana nguvu za kusimama mbele yenu. Ameagiza neno moja tu: mkitoka hapa msitawanyike. Njooni nyumbani mkae, mzungumze kwa sauti.

Mama, kazi imekwisha. Pumzika, na amani ya Mungu ikae nawe.