Mwalimu Projestus Danstan na Radhi Aliyochelewa Kuiomba Biharamulo

Marehemu Mwalimu Projestus Danstan alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Ntobeye, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Danstan na Mama Anatoria. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari Biharamulo hadi 1984, akasomea ualimu, na mwaka 1988 akapangiwa kufundisha Sayansi shule ya msingi huko Kibimba, kabla ya kujiendeleza kwa stashahada na kurudi Ntobeye mwaka 2006 kufundisha Baiolojia kidato cha kwanza na cha pili.

Shule haikuwa na maabara wala hadubini, naye hakuwa mtu wa kungoja, maharage aliyaotesha kwenye chupa za maji zilizokatwa, tone la maji juu ya nailoni likawa lenzi ya wanafunzi wake, na mbuzi akichinjwa jirani, moyo na mapafu vilipita kwanza darasani, mapafu yakapulizwa kwa bua la jani la mpapai mpaka yakajaa, ndipo wenye mbuzi wakarudishiwa kitoweo chao. Majirani walimzoea, wakawa wanamwekea bila kuombwa.

Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Scolastica, wakajaliwa watoto watatu, Zita, Wiston na Xavery.

Zita aliposwa na Desderius wa Biharamulo, na tarehe 20 Julai 2019 wakwe walikuja kumchukua, wakaleta mbuzi wa kuagana, ambaye kwa desturi ya ukoo wao moyo wake huliwa na shangazi wa bwana harusi kabla hajambariki bibi harusi. Marehemu hakuuliza, asubuhi ile alikuwa na kidato cha pili waliojiandaa kwa mtihani, akaondoka na moyo ule kwenye ndoo. Shangazi, Bi Speciosa, alipoletewa maini aliweka sahani chini, akasema kwamba nyumba hii inafundisha watoto wa watu na kumsahau wa kwake, naye marehemu, akidhani ni utani wa wakwe, akamjibu kwamba moyo umekwenda shule na utarudi na cheti. Wageni wengine walicheka, yeye hakucheka. Zita aliondoka bila baraka zake, na tangu siku hiyo alikuja kwao peke yake, na baadaye na wanawe, lakini hakuna mkwe aliyekanyaga tena Ntobeye.

Marehemu alikusudia kwenda kuomba radhi, akasema likizo ya Desemba, kisha akasema baada ya kusahihisha, kisha akasema atakapostaafu. Tarehe 11 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli, na kila alipotajiwa Biharamulo alitikisa kichwa na kutokwa na machozi. Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani waliochimba kaburi. Tunamshukuru pia Bi Speciosa, aliyefika jana na ukoo wake bila kuitwa, tungependa angemkuta akiwa hai, naye marehemu angependa kwenda kwake alipokuwa bado na sauti. Bi Speciosa, mama yetu, neno alilokawia kulisema tunakuletea sisi leo mbele ya jeneza lake, anakuomba umsamehe, na umbariki Zita.

Mwalimu, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani.