Fundi wa Friji Aliyesubiri Mafuta Yachemke

Huyu tuliyemsindikiza hapa leo, ambaye mtaani kote mlimwita Fundi Mbona, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa nne wa mshona viatu na mke wake aliyekuwa akifua nguo za watu. Jina la Mbona alipewa na mama yake mzazi. Watoto wengine walilia wakitaka kubebwa, yeye alilia akitaka kuelezwa. Mbona sabuni inatoa povu na jiwe halitoi? Mbona shati la baba linachelewa kukauka kwenye kola? Mama alimjibu kadiri alivyoweza, na akichoka alimpa shuka alikamue ili apumue kidogo.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, kisha akaenda chuo cha ufundi alikohitimu Novemba 1974. Walimu walimpenda kwa zamu, maana hakuna aliyeweza kumbeba mwaka mzima. Somo alilolishika kuliko yote lilikuwa sayansi, na humo kulikuwa na sentensi moja aliyoikariri neno kwa neno: kimiminika kikichemka hutoa mapovu. Aliijibu kwenye mtihani, akapata vema. Ndugu waombolezaji, sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kumponza ukubwani, na mtasikia ilivyokuwa.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya mafriji, na mwaka 1990 akafungua ya kwake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa fundi hasa. Alibana kipande cha karatasi kwenye mlango wa friji na kukivuta. Kikitoka kirahisi, alijua mpira umechoka. Lakini kabla ya kugusa chochote aliuliza maswali. Mnaweka nini humu? Nani hufungua mara kwa mara? Saa ngapi? Kuna nyumba mbili tatu ambako maswali hayo yaliamsha ugomvi wa mume na mke, na fundi akabaki amesimama katikati na bisibisi mkononi.

Alipokuwa bado kwenye karakana ya kuajiriwa, kliniki ya jirani ilimwita kutengeneza friji la chanjo. Alitengeneza friji, akauliza kuhusu chanjo, akauliza kuhusu watoto wanaochanjwa, na mwisho akauliza jina la muuguzi. Friji lile, kwa maelezo ya muuguzi mwenyewe, halikuwa na ubovu mwingine hata chembe, ila fundi alirudi kulikagua kila wiki. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982. Muuguzi huyo ni dada wa huyu anayewasomea wasifu huu, na kwa hiyo msomaji ni shemeji wa marehemu, na ana haki zake zote za kumtania hata leo.

Sasa tufike kwenye kuku.

Januari 1983, baba mkwe alikuja kuwatembelea maharusi kwa mara ya kwanza, akiongozana na binti yake mdogo, ndiye shemeji huyu. Muuguzi alikuwa zamu. Asubuhi, akiwa mlangoni na viatu mkononi, alimwelekeza mume wake: "Kuku yuko kwenye friji, nimeshamkata. Mafuta yakichemka, mtie." Akaenda zake.

Marehemu akabandika karai, akamimina mafuta, akasubiri mapovu. Hayakuja. Akaongeza moto. Mafuta yametulia tu, yanang'aa. Sebuleni baba mkwe anakohoa, moshi umeshaanza kupita chini ya mlango.

"Shemeji, kuna usalama huko?"

"Bado hayajachemka!"

Mwisho akakata shauri, akatumbukiza vipande vilivyokuwa na baridi ya friji mpaka kwenye mfupa. Vilipiga weusi papo hapo. Akavipanga kwenye sahani vizuri kabisa, na kachumbari pembeni. Shemeji alichukua bawa, likamwokoa, kwa kuwa bawa ni jembamba. Baba mkwe, kwa heshima yake, akapewa paja. Kwa adabu za ugenini alilila lote, na lilikuwa bichi mpaka damu. Kesho yake alilazwa hospitali.

Alipopona, alimwambia binti yake maneno machache. "Mwanangu, nyumbani kwako nitakuja. Lakini chakula cha mkono wa yule bwana sitii mdomoni tena." Na mzee wetu mnamjua, akisema amesema. Alikuja kila mwaka, akakaa, akanywa chai, akacheza na wajukuu. Sahani ikiletwa alisema neno moja: "Nimeshiba."

Neno hilo lilimuuma marehemu kuliko tusi. Mke wake alimsihi mara nyingi, "Niache nipike mimi, yaishe." Naye akajibu, "Wewe hajakukataa. Aliyekataliwa ni mimi." Dada alilia sana miaka hiyo, kwa sababu alikuwa katikati ya watu wawili aliowapenda, na hakuna aliyemgombeza mwenzake hata siku moja.

Basi fundi akageuza jiko kuwa karakana ya pili. Alitaka kujua kwa nini. Kazi yake ilikuwa kuondoa joto kwenye vitu, hakuwahi kujiuliza linavyoingia. Kwanza alichovya kwenye mafuta kipimajoto cha friji, kikapasuka, karai zima likamwagwa. Kisha akaanza kuchunguza kwa macho na masikio. Jumamosi moja mke wake alisikia ukelele jikoni, akakimbia na dawa ya kuungua, akamkuta mumewe amesimama mbele ya karai, uso umemchangamka.

"Mke wangu, mafuta hayachemki! Kinachochemka ni maji ya kuku!"

"Ndicho unachopigia kelele?"

"Mapovu ni maji yanatoka! Sikiliza. Yakipungua kelele, maji yamepungua, kuku anakaribia kuiva!"

Tangu siku hiyo mengine yalifuata moja baada ya jingine. Alianza kutia chumvi jana yake, na kitunguu saumu na ndimu, maana aliona chumvi ikishapita ndani nyama haikauki. Alimfuta kuku kwa kitambaa mpaka ngozi ikwaruze, akampaka unga mkavu na kukung'uta. Alimtoa kwenye friji mapema kidogo apoteze ubaridi, akisema hakuna mtu anayemjua adui huyo kuliko yeye. Mafuta aliyajaribu kwa ncha ya mwiko: vipovu vikizunguka mti taratibu, ni wakati. Alitia vipande vichache, moto wa wastani, na ole wako umguse kuku kabla hajajiachia mwenyewe. Akishatoka, hakumweka kwenye karatasi wala kumfunika. Alimweka juu ya wavu mpya wa friji aliouleta kutoka dukani, hewa ipite chini. "Mkimfunika anatoa jasho," alisema, "na jasho linarudi kwenye ngozi. Mnashangaa nini? Si ndilo tatizo la mafriji ninalolipwa kulirekebisha?"

Na mezani kwake kulikuwa na sheria moja. Ukila, anakuuliza, "Ikoje?" Ukisema "tamu," umekosea. "Tamu si jibu. Tamu vipi?" Watoto wake watatu wamekulia hapo, ndiyo maana mkiwauliza habari za safari wanawasimulia mpaka rangi ya viti. Mtaa mzima ulikula ukajieleza. Baba mkwe tu ndiye alikaa sebuleni na kikombe chake cha chai.

Mwezi Mei 2021 marehemu alianza kukwamwa na chakula. Hospitali wakagundua saratani ya koo. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Kufikia mwanzoni mwa mwaka huu hakuweza kumeza chochote kigumu, alikuwa mtu wa supu na maziwa. Tulidhani jiko litamchosha. Wapi! Aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya karai, mke wake akitumbukiza, yeye amefumba macho anasikiliza. "Geuza paja la kushoto," anasema, na kweli la kushoto linataka kugeuzwa. Kisha wajukuu wanakula, naye anauliza ikoje, nao wanamweleza, na mate yanamjaa mdomoni. Inaumiza kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na alifurahi.

Tarehe 6 Aprili baba mkwe alikuja kumwona mgonjwa. Amekula chumvi nyingi mzee wetu, anatembea kwa fimbo, meno amebakiwa na machache. Alipofika hakukuta mtu sebuleni, akafuata sauti mpaka jikoni. Marehemu hakusimama, hakuweza. Aliinua macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Mimi siwezi kula, baba. Lakini kuku huyu hapa ametoka sasa hivi. Nina swali moja tu la maisha yangu. Ikoje?"

Shemeji alikuwa mlangoni. Dada ameshika mwiko. Mzee alimtazama mkwewe, shingo ilivyokuwa nyembamba, shati lilivyomning'inia. Akavuta kigoda, akakaa. Akachukua paja, hakuchagua bawa, akalivunja kwenye kiungo na kuchungulia.

"Jeupe mpaka mfupani," alisema. Akauma. Akatafuna polepole kwa yale meno yake. Tukadhani atasema tamu. "Ngozi imevunjika kwanza, kwa sauti. Nimeisikia kwenye sikio la ndani. Halafu nyama imekuja na maji yake. Chumvi haiko juu, iko ndani. Ndimu imepita kwa mbali, imeondoka. Kitunguu saumu ndicho kimebaki." Akaramba kidole. "Ngoja, kuna kitu kingine hapa karibu na mfupa. Sijakijua. Nipe lingine."

Alikula la pili, akaeleza tena, na marehemu anatikisa kichwa anauliza: ngozi ya chini je? Hapa kwenye kiungo je? Machozi yanamtoka na maswali hayaishi. Ndipo mzee akasema, "Miaka yote ile, mwanangu, sikuwa nimeshiba. Harufu ya jiko lako ilinitesa. Nilikuwa na kichwa kigumu tu."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Mbona hukusema?"

Alifariki nyumbani tarehe 27 Aprili, asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, shemeji huyu, na mafundi wengi aliowafundisha kazi. Jana tulipokuwa tukiandika mwisho wa wasifu huu tuliweka pia "baba mkwe." Mzee aliomba asomewe. Tulipofika hapo akapiga fimbo chini.

"Hilo neno mkwe mlitoe."

Tumelitoa. Ameacha baba.

Mungu amlaze mahali pema, apumzike kwa amani yake.