Ukuta wa Ngazi wa Willard Skoglund

Mpendwa wetu Willard Skoglund alizaliwa tarehe 11 Machi 1927, Kaunti ya Valley, Nebraska, kifungua mimba wa Bwana Nels na Bibi Hulda. Ukame ulipomaliza shamba, mwaka 1935 baba yake alipata kibarua cha serikali cha kupanda miti. Willard hakuusahau mkate ulionunuliwa Ijumaa ya malipo ya kwanza.

Baada ya kutumikia jeshi la majini alisoma chuo kikuu mjini Lincoln kwa ada iliyolipwa na serikali, akahitimu 1950. Mwaka uliofuata aliajiriwa ofisi ya bajeti, Washington, akadumu miaka thelathini na minane.

Tarehe 6 Juni 1953 alimwoa Doreen Pruitt, wakahamia Takoma Park, pembezoni mwa Washington. Huko alichora matumizi ya serikali kuu kwenye ukuta wa ngazi: nukta moja kila mwaka, ikipanda kutoka sakafuni upana wa kidole kwa kila dola bilioni kumi. Mwaka aliozaliwa haukujaza hata kidole kimoja. Vita Kuu ya Pili ilifikisha vidole tisa. Mwaka 1987 nukta ilimpita kimo.

“Wenzangu wametundikiwa picha za harusi,” Doreen alilalamika, “mimi nimetundikiwa bajeti!”

Willard alipomzika Doreen, 1994, mdogo wake Merle, mkulima, aliutazama ukuta akafoka: “Serikali inakula kama nguruwe, na wewe kaka unaihesabia matonge!” Hawakusemezana miaka kumi na mitano. Jambo hilo lilimuuma sana Willard.

Septemba 2009 mapafu yalimlemea. Merle akaja. Akipanda ngazi, aliona maandishi madogo ya penseli chini ya nukta: 1935, mkate. 1946, ada yangu. 1949, taa ya Mama. 1966, dawa za Mama.

Merle akaketi ngazini. “Serikali ilipotuletea umeme, taa ile niliiwasha mimi. Mama alikesha akiitazama.” Kisha, “Lakini bado inakula mno, kaka.”

“Ndiyo maana naipima, Merle.”

Hesabu za mwaka zilipotoka Oktoba, nukta ilipaswa kuwekwa darini. Willard hakuweza kuinuka. Merle, miaka sabini na sita, alipanda juu ya kiti huku binti wa Willard, Joyce, akimshikilia miguu.

“Niandike nini?”

Willard aligusa mtungi wa oksijeni uliolipiwa na bima ya serikali ya wazee. “Andika: hewa.”

Alifariki nyumbani tarehe 27 Oktoba 2009, akiwa ameshikwa mkono na Merle.

Ameacha binti, Joyce, mkwewe Dale, wajukuu wawili, na mdogo wake Merle, aliyeomba kurithi kitu kimoja tu: penseli.

Pumzika, Willard. Asante kwa kutuhesabia.