Laini ya Afya Haimsikii Waya

Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Atuganile alikaa ncha ya benchi la Quresh, pale Mtoni Kijichi, akailaza simu yake katikati ya vikombe vya kahawa taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Benchi lenyewe ni ubao uliobaki kwenye ujenzi, umewekwa juu ya matofali mbele ya duka la misumari na rangi, na kila jioni hukaliwa na watu walewale. Yupo Quresh mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bei Moja kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Yupo Mzee Adelard, karani mstaafu wa halmashauri, aliyepewa jina la Hansadi kwa kuwa huongea kama yumo bungeni. Na yupo Marselino, fundi umeme, ambaye ni Waya tu. Kahawa ni ya Ismail, mwenye birika moja kubwa na subira ndogo. Kesho yake asubuhi, kwenye hoteli moja kule Kawe, lingefunguliwa kongamano la watafiti na makampuni kuhusu matumizi ya akili mnemba, na Atuganile ndiye angesimama kuionyesha laini ya afya aliyoijenga na wenzake chuoni: mgonjwa anapiga namba, anajieleza, mashine inamsikiliza, kisha inamwambia asubiri, aende zahanati, au akimbie hospitali. Kampuni ya simu ikiridhika, laini inafunguliwa kwa watu wote Jumatatu na ajira yake inaendelea. Isiporidhika, anarudi Tukuyu kwa mama yake na shahada mbili mkononi. Majaribio ya chuoni yalikuwa yametoka vizuri mno. Lakini Atuganile ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha amefunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba alihakikisha. Akataka kuijaribu mara ya mwisho, tena kwa watu hawa hawa, maana sauti zao ndizo zilizoifundisha mashine.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kikao kimefunguliwa, akasema Hansadi.

— Waya, anza wewe. Jifanye unaumwa. Ongea kawaida tu.

Waya akaiinamia simu.

— Oya, kichwa kinanigonga kinoma, toka juzi mwili wote umelegea, hata msosi haupandi.

Simu ikatulia kidogo. Kisha sauti ya kike, laini kama ya mhudumu wa ndege, ikajibu: «Asante kwa kupiga. Chanjo za watoto hutolewa asubuhi, siku zote za kazi.»

Bei Moja alicheka mpaka kahawa ikamrukia kifuani.

— Umepelekwa kliniki, Waya! Nenda kapimwe uzito!

— Si ujaribu na wewe tukuone?

Bei Moja akajifuta, akakohoa kwelikweli.

— Sikiliza mama, kifua kimenibana, nikikohoa mbavu zinataka kuchomoka, usiku silali kabisa.

«Hongera. Tafadhali taja umri wa mimba yako.»

— Mimba! Mie nina wajukuu! Atu, hii mashine inanitukana mbele ya duka langu.

Atuganile hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, akiigeuza huku na huku kama vile tatizo lingeweza kuonekana mgongoni mwake. Hansadi akanyoosha mkono, akaomba kifaa kiletwe mezani, akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Mimi ni mzee wa umri wa miaka sabini. Ninasumbuliwa na maumivu makali ya kifua, na ninapata shida katika kupumua.

«Hali yako inahitaji huduma ya haraka. Tafadhali nenda hospitali sasa hivi.»

Hansadi akairudisha simu, akapokea kikombe chake kama mtu aliyepitishiwa bajeti.

— Ni adabu, akasema. Nyinyi mnaivamia tu. Mimi nimejitambulisha kwanza.

— Adabu wapi, akasema Waya. Ishu ni waya. Si mashine yenyewe iko Ulaya? Sauti inapita chini ya bahari. Sasa sauti ya Hansadi nzito, inazama, inafika. Yangu nyepesi, inaelea juu, inaliwa na samaki.

— Wewe na umeme wako! akasema Bei Moja. Hapa kuna biashara. Ile inakagua nani ana bima. Mzee ana bima ya wastaafu, akaambiwa hospitali sasa hivi. Wewe Waya huna hata kofia ya kazini. Ingekuambia uende wapi?

— Na wewe mwenye duka mbona imekupa mimba?

— Imenipima. Imeona nina bima ila sitaki kuitumia.

— Waheshimiwa, akasema Hansadi, mimi makongamano nimeyahudhuria nikiwa halmashauri. Hakuna anayesikilizwa kabla ya chai. Mnafungua, mnapewa mkoba na kitambulisho cha shingoni, mnakula, mnaazimia kwamba mkutane tena. Mashine imejua kesho ni kongamano. Imeanza kujizoeza kutosikiliza.

— Hapo mzee umenifungua macho, akasema Waya. Kumbe na zenyewe zina kongamano lao! Usiku tukilala zinakutana hukohuko hewani. Moja inasimama: jamani wenzangu, mie nimepangiwa Temeke, kuna mtu anaitwa Waya, nimeshindwa naye. Zingine zinampa pole. Zinaazimia tufutwe kwenye mtandao mtaa mzima!

— Ndiyo maana juzi vocha yangu haikuingia, akasema Ismail, akimimina.

— Jamani! akasema Atuganile. Jamani, naombeni nyamazeni. Kesho saa tatu nasimama mbele ya watu. Haina bima, haina samaki, haina kikao. Imefundishwa kwa sauti zenu. Nyinyi! Mlikaa hapahapa, mie nikashika maiki. Inawezekanaje isiwajue?

Kabla mtu hajapata nadharia nyingine, simu ikaita. Alikuwa Daktari Brightson, mkuu wa mradi. Kwa haraka ya kupokea, Atuganile hakuitoa kwenye spika, na benchi zima likainamisha vichwa kama linatazama viatu.

— Atu, kesho unasoma ile sentensi tuliyofanyia mazoezi. Usiongeze neno.

— Daktari, haiwasikii watu.

— Watu gani?

— Wa huku mtaani kwetu.

— Kongamano halifanyikii mtaani. Ukumbini inasikia, na matokeo tumeshayaandika. Mengine tutarekebisha baadaye.

— Lakini Jumatatu watu wanaanza kupiga.

— Atu, mkataba wako uko kwenye hiyo sentensi. Lala mapema.

Simu ikakatika. Waya akasema polepole kwamba bosi ana sauti nzuri, yeye mashine ingemwelewa.

Ndipo Atuganile akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya kurekodi. Alikuwa amezikagua zile sauti zote kwenye kompyuta, akapima kelele za nyuma, akakata mahali pikipiki ilipopita, akafurahi jinsi zilivyokuwa safi. Alizikagua kwa kutazama mchoro wa mawimbi ya sauti, si kwa sikio. Sasa alitafuta moja, akaibonyeza.

«Mimi ni mkazi wa Wilaya ya Temeke. Ninakabiliwa na maumivu makali ya kichwa, hali iliyonisababishia kupoteza hamu ya chakula.»

— Huyo nani? akauliza Waya. Mtangazaji?

— Wewe.

— Mie? Sio mie.

— Waya, ni wewe. Ulikuja na shati la mikono mirefu. Nakumbuka hata lilikuwa na pasi.

Waya akasikiliza tena, kichwa kimeinama upande. Aibu ikampanda, kisha ikageuka kuwa hasira.

— Sasa dada Atu, mtu umetoka chuo, umekuja na maiki ina manyoya, umeniambia sauti yangu inaenda kwa maprofesa. Ulitaka niongee kihuni? Nimelelewa mie!

— Nilikuambia uongee kawaida!

— Ndo kawaida ya mbele ya maiki.

Atuganile akabonyeza ya Bei Moja. Muuza misumari huyo, ambaye dakika chache zilizopita mbavu zake zilitaka kuchomoka, alisikika akieleza «dalili zinazoashiria maambukizi katika mfumo wa upumuaji».

— Hayo nilimuuliza mke wangu Tayyaba jana yake, akakiri. Nilifanya maandalizi. Mgeni akija nyumbani utamwekea sahani yenye ufa?

— Mimi sikubadilika, akasema Hansadi.

— Wewe ndo hivyo ulivyo hata ukikanyagwa, akasema Waya.

Atuganile akazisikiliza zote, moja baada ya nyingine. Mama ntilie, akina dada wa saluni, dereva wa bodaboda: wote walikuwa wamevaa, wamechana nywele, wamekaa wima mbele ya maiki yake. Mashine ilikuwa imejifunza kuwaelewa wagonjwa ambao hawaumwi. Na yeye, aliyekuwa akizikataa sauti zenye kelele, alikuwa amezipenda hizi kwa sababu zilikuwa safi.

— Kwani kosa liko wapi? akasema Bei Moja, akijaribu kumtuliza. Kesho soma sentensi yako. Jumatatu tutawatangazia watu waongee vizuri. Tubandike hata tangazo hapa dukani.

— Tangazo zuri, akasema Hansadi. Kila mgonjwa ajitambulishe, ataje wilaya, kisha aeleze hoja.

— Na mie niwafundishe, akasema Waya, ambaye hasira zilikuwa zimeanza kuisha. Darasa jioni. Unaumwa, njoo na daftari.

Wakati huo alikuwa amesimama mwanamke mmoja mbele ya duka, mtoto mgongoni, akisubiri kuuziwa taa. Ni Demetria, mpangaji mpya wa chumba cha uani, aliyehamia Jumapili kutoka Songea. Alikuwa amesimama muda mrefu kuliko walivyojua.

— Samahanini, akasema. Hiyo namba mnayoizungumzia, inaanza Jumatatu?

— Jumatatu, akajibu Bei Moja.

— Huyu wangu ana degedege. Baba yake yuko safari, na huku sijamjua mtu bado. Akishikwa nikiwa peke yangu, nikapiga, itanielewa?

Waya akatazama kikombe chake. Bei Moja akaingia ndani kutafuta taa iliyokuwa palepale mezani. Atuganile alijua jibu kuliko wote, na ndiye aliyeshindwa kabisa kuinua uso. Ismail peke yake ndiye aliyesema, akamwambia Demetria kwamba zahanati iko nyuma ya msikiti na yeye chumba chake ni kile cha mlango wa bati, agonge wakati wowote. Demetria akashukuru, akalipia taa yake, akasubiri kidogo mlangoni pa duka, kana kwamba bado kuna aliyekuwa anajiandaa kumjibu, kisha akaondoka.

Alhamisi asubuhi ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya kukausha midomo. Mbele walikaa watu wa kampuni ya simu, vitambulisho shingoni, na Daktari Brightson alikuwa kiti cha pembeni, akimtikisia kichwa kwa kumtia moyo. Atuganile alieleza mradi vizuri. Alipofika kwenye onyesho, akapiga namba, akasogeza maiki kwenye simu. Karatasi yenye sentensi ilikuwa mbele yake, imeandikwa kwa herufi kubwa. Akaipindua.

— Jamani nisaidieni, akasema, kwa sauti ambayo mama yake tu ndiye angeitambua, mtoto kanigandia mikononi, macho yamegeuka juu, povu linamtoka, sijui nishike wapi, njooni jamani!

Simu ikatulia kidogo.

«Asante kwa kupiga. Ofisi zetu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Tunakutakia siku njema.»

Kikohozi kimoja kikasikika nyuma. Daktari Brightson alikuwa tayari amesimama, akitabasamu kwa watu wa kampuni. Mwendesha kongamano akawahi kipaza sauti chake.

— Nadhani ni mtandao, ndugu washiriki. Tumpe dada yetu nafasi.

— Mtandao uko vizuri, akasema Atuganile, akabonyeza kupiga tena.