Kitabu Tulichokipasua Kama Mzigo wa Sukari

Kwani ni lazima niseme mimi? Bashir ana mkono wa kuandika, Wilkister ana mdomo, Perez ana Kiingereza cha kuuza na kubakisha, lakini kazi ameletewa mwanamke aliyeacha shule darasa la tatu. Haya. Mkikuta herufi imelala, iacheni ilale, imechoka. Benchi letu liko Malaba, upande wa Kenya, pale malori yanaposimama foleni yakingoja ruhusa ya kuvuka kwenda Uganda. Ni ubao juu ya tairi mbili za trela. Mimi hukaa nyuma yake na birika la kahawa ya tangawizi, na watu wote huniita Kukhu, hata wale ambao nyanya zao wako mbali na hawawapigii simu. Bashir tunamwita Kilo, kwa sababu gunia la sukari likikataliwa mpakani kama gunia, yeye hulipasua vifurushi vidogo vidogo, baiskeli zikabeba. Wilkister hubadilisha pesa za huku na za ng'ambo, naye tunamwita Reti. Perez ni ajenti wa kupitisha mizigo asiye na ofisi. Jina lake la benchi ni Kamusi.

Aliyetuletea ugonjwa ni Omoding, dereva wa lori la kwenda Juba. Alikuta sanduku la vitabu kwenye kebini, limeachwa na dereva aliyemtangulia. Hadithi moja ndefu ya Kiingereza, vitabu saba, kila kimoja kinene kama mkate, na akimaliza kimoja hutuachia. Cha kwanza uchawi. Cha pili mapenzi. Cha tatu polisi juu ya farasi jangwani. Cha nne watu wanaruka kwenye nyota. Cha tano mpelelezi anatafuta muuaji. Cha sita vyote vimekorogwa kama uji wa wimbi. Ndani yake kuna Malkia Tamsira, aliyefukuzwa kwao, na cha sita chote amesimama mbele ya lango akingoja lifunguliwe arudi nyumbani. Hapo ndipo Malaba yote ilishikwa. Mtu anayengojeshwa langoni tunamjua sisi.

Omoding alianza cha kwanza mwaka ule mke wake alipofariki. Sitasema zaidi, kila mtu husoma kwa sababu zake. Foleni hii alikuja na cha saba, cha mwisho, na sisi kwa tamaa tukakitaka wote siku moja. Bashir akasema kipasuliwe. Kisu kilikuwa changu, cha mandazi, sikatai. Tukapata vifurushi vinne, kila kimoja kimefungwa kamba ya katani kwa fundo la Bashir la sukari. Ukimaliza chako unampa mwenzako, na vyote vimfikie Omoding kabla lori lake halijaruhusiwa. Perez alichukua cha mwisho. Alisema mwenye Kiingereza kama chake anaweza kuanzia popote.

Sasa siku yenyewe, asubuhi, kahawa ndiyo inachemka. Omoding ameshamaliza vifurushi vitatu. Bado cha Perez.

– Kamusi, toa basi, Omoding akasema. Gari yangu inaweza kuitwa wakati wowote.

– Pole pole, boss. Bado nachambua.

– Siku ngapi unachambua? Wilkister akamuuliza. Hata mchele ungekuwa umeiva.

– Wewe Reti, hiyo kitabu si ya kukimbiza. Iko na kina.

– Kina gani? Mimi najua tayari. Tamsira alikufa kitambo, kwa kile cha pili. Huyu anasimama langoni ni pacha wake. Mbona hakumkumbuka yule mpenzi wake wa kwanza? Mwanamke hasahau mtu aliyemwachia deni na mtoto.

– Hakukuwa na mtoto, Omoding akasema.

– Alimficha!

Bashir akaweka kikombe chini.

– Dada, unapotea. Angalia ile gari ya nyota. Inazima taa, inapita usiku, haina namba. Hiyo ni gari ya magendo. Tamsira anasafirisha kitu. Ndiyo maana lango halifunguki. Wanataka kitu kidogo na yeye anajifanya malkia.

– Anasafirisha nini? Wilkister akauliza.

– Chumvi. Huko kwao hakuna chumvi, kifurushi changu kilisema supu yao ni mbaya.

Na mimi, msiniache nje ya ujinga huu. Sijasoma mstari hata mmoja. Wilkister ndiye hunisomea, na akifika penye mapenzi anaruka kwa haya, halafu ananiambia "wakalala wakaamka". Lakini msimamo nilikuwa nao, na birika mkononi nikautoa:

– Aolewe na yule polisi wa farasi. Ana mshahara.

– Kukhu, yule polisi alipigwa risasi, Wilkister akasema.

– Alipona.

– Nani amesema?

– Mimi nimesema. Kunywa kahawa.

Hapo Perez akajikohoza. Akijikohoza hivyo ujue anatafuta pa kusimama juu ya vichwa vyetu.

– Nyinyi wote mnabishana na moshi. Hakuna Tamsira. Hakuna lango. Vitabu vyote saba ni ndoto. Na anayeota ni farasi.

Hata lori lililokuwa linanguruma nyuma yetu nadhani lilizima.

– Farasi gani? Bashir akauliza.

– Ule wa polisi. Fikirieni. Uchawi, mapenzi, nyota, muuaji: binadamu hawezi kuchanganya hivyo. Ni mnyama amelala kwa zizi, amekula nyasi mbaya.

– Umesoma hiyo? Omoding alimwangalia sana.

– Iko wazi kabisa kwa mwisho.

Hapo benchini palikuwa na mgeni, msichana wa chuo kutoka Alupe, Sylvia, aliyekuwa akimngoja mjomba wake avuke. Alikuwa amekunywa kahawa yangu akitusikiliza. Akauliza kwa adabu:

– Samahani, baba. Sasa kurasa ya mwisho kabisa, yeye anavuka lango ama havuki?

Perez akaangalia angani.

– Hiyo ni swali ya kina.

– Si ya kina, Sylvia akasema. Ni ndiyo ama hapana.

Wilkister akaniangalia. Nami nikamwangalia Bashir. Bashir hakumwangalia mtu. Aliinuka, akaingiza mkono ndani ya koti la Perez kama mtu anayetafuta sukari, akatoa kifurushi. Kamba iko vile vile. Fundo halijaguswa.

– Hii ni fundo yangu, akasema. Hujafungua hata siku moja.

– Kilo, ngoja nikuelezee…

– Elezea mzee Omoding, si mimi.

Na simu ya Omoding ikalia papo hapo. Gari limeruhusiwa, alisogeze mara moja, nyuma yake watu wanapiga honi. Alisimama akiwa ameshika funguo, na uso wake, jamani, ulikuwa wa mtu aliyekaa foleni siku zote hizo akafungiwa dirisha.

– Perez. Kwa nini?

Perez aliongea Kiswahili cha kawaida kabisa, cha kwao Bumala.

– Siku ile nilipewa nilishawaambia madereva wa foleni farasi anaota. Nilisema kwa nguvu. Sasa nikifungua nikute haoti?

Tungecheka. Lakini nani acheke? Mimi mwenye polisi aliyefufuka? Wilkister na pacha wake? Tulikuwa wote na fundo letu ndani ya koti.

Omoding hakupaza sauti.

– Mimi siwezi kusoma nikiendesha. Na tanboi wangu, msaidizi wangu wa safari, yuko kitandani na malaria. Kiti chake kiko wazi.

– Boss, niko na kazi.

– Kazi gani, Kamusi? nikamuuliza mimi. Ofisi yako ni hili benchi, nami nitalilinda.

Bashir alimshika kwapa moja, Wilkister la pili, wakampandisha kebini na kitambulisho chake na kifurushi magotini. Nikampa chupa ya kahawa. Alivuka hivyo, anatutazama dirishani kama ng'ombe aliyeuzwa.

Alisoma kwa sauti kutoka Tororo, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili juu ya kelele ya injini, Mbale, Soroti, Lira. Akiruka sentensi, Omoding alipunguza mwendo mpaka airudie. Penye mapenzi pia alisoma, nasikia akiwa amefunga jicho moja. Walimaliza Elegu, kwenye foleni ya kuingia Sudan Kusini. Omoding akazima gari, kisha akamwambia asome tena ukurasa wa mwisho. Akausoma. Tamsira alivuka, kwa miguu, hakuna aliyempokea, akaenda kuwasha moto nyumbani kwake.

Perez alirudi na mabasi ya watu, koo limekauka, sauti imebaki ya panya. Alitaka kukaa kimya na kikombe chake. Benchi likakataa. Ilibidi asimame mbele yetu sote, na mbele ya madereva watatu tuliowaita makusudi, aseme kwa ile sauti kidogo aliyobakiwa nayo:

– Farasi alikuwa farasi tu.